Bata wa Mchina Mbele ya Mama Mkwe

Floribert aling'ata paja la bata mbele ya mama yangu, akalitafuna mdomo wazi, mafuta yakimtiririka mpaka kidevuni...

Kisha akaliweka paja lile lile, lenye alama za meno yake, juu ya kioo kinachozunguka katikati ya meza. Akakisukuma kioo kwa kidole. Paja likazunguka taratibu, likasimama mbele ya mama.

"Kula, maman."

Mama yangu alikuwa amejifunika kitenge uso mzima.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafungua mlango wa chumba kile cha mgahawa wa Wachina. Mkono bado uko kwenye kitasa. Jamani, nilitamani kuufunga tena mlango ule!

Najua wengine mnaosoma huku mmeshaanza. "Sasa kosa liko wapi? Si mkwe anamkaribisha mama mkwe chakula?"

Ngojeni. Msinikimbize.

Sisi ni watu wa Kasenga, kando ya Luapula, ingawa mimi Emmanuella nimezaliwa hapahapa Lubumbashi, mtaa wa komini ya Kenya, si ile nchi. Kwetu mwanaume akishatoa mahari anakuwa mkwe, na mkwe na mama mkwe wanaoneana aibu. Hawatazamani machoni. Hawaitani majina. Na kula pamoja, thubutu! Mama mkwe kumuona mkwe wake akitafuna ni sawa na kumfumania anaoga. Mpaka ifike siku wanawake wa familia wapike kila chakula, wambebee mkwe masufuria kwa nyimbo, wamwonyeshe moto wa jiko letu. Kabla ya hapo, kila mtu na sahani yake, kila mtu na ukuta wake.

Na hili mlishike vizuri... Mama mkwe hamkatalii mkwe uso kwa uso. Akiwa na neno, anatuma mtu. Mbele yake ananyamaza tu.

Huku tunaita buko. Ni heshima, si ushamba, kabla hamjanichekea.

Nilipomwelezea Floribert mambo haya tulipoanza uchumba, alicheka.

"Chérie, miye nilikomea Kinshasa. Bintu bya buko mi sijue."

Nikamwamini kwamba amekulia Kinshasa, mila zetu hazijui. Mwanaume ananukia manukato mpaka kwenye soksi, utambishia nini?

Siku hizo alikuwa anatengeneza makaratasi ya malori ya kobalti yanayoelekea mpakani Kasumbalesa. Pesa alikuwa nazo, na alipenda zionekane. Kila wiki mgahawa! Leo kwa Waitaliano, kesho kwa Wachina. Mimi mtoto wa muuza samaki wa soko la Kenya, nikajua kushika vijiti, nikajua kuzungusha tambi kwenye uma.

Na nikajua pia kuvumilia karaha.

Maana Floribert mezani, jamani... Alikuwa anawaita wahudumu kwa kupiga vidole, fyap! fyap!, kama anaita mbwa. Anavuta tambi kwa midomo mpaka sosi nyekundu inarukia blauzi yangu, halafu anasema mimi ndiye sijui kula. Akishiba anachokonoa meno, anachokitoa anakiangalia, anakirudisha mdomoni. Nilikuwa nageuzia macho dirishani. Mapenzi, dada zangu! Mapenzi yanakufanya uone dirisha zuri kumbe unakimbia mdomo wa mtu.

Ukaja mwaka 2025.

Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, Bukavu ikafuata. Wafanyabiashara wa jumla wanaotoka Kivu, pale sokoni kwetu, wakawa wanafungua duka asubuhi na kukaa na simu masikioni, wanatafuta ndugu zao. Mara serikali nayo ikasimamisha kobalti isitoke nchini. Malori yakalala. Watu wakarudishwa nyumbani makundi kwa makundi. Floribert naye kazi ikamwishia.

Kazi iliisha, mdomo haukuisha. Migahawa ikaendelea vilevile.

Kwetu tulikuwa tunaishi kwa kitu kimoja tu: shamba la njia ya Kasenga. Marehemu papa alipewa na mfumu, chifu wa kule, na alipofariki likabaki la mama. Samaki sokoni hawanunuliki, unga umepanda, lakini mahindi ya shamba lile yalikuwa yanatupa bukari, yaani ugali wa kila siku, mimi, mama na wadogo zangu watatu. Bila shamba lile, nyumba yetu ni njaa. Sitaki kulipamba neno.

Na ardhi ya mfumu haina maneno mengi. Mjumbe wa mfumu anamuuliza mwenye shamba mara tatu; asipokataa kwa kinywa chake, imekwenda. Hairudi.

Sasa sikilizeni mtego ulivyotegwa.

Kwanza Floribert, mahari ameshatoa, alimwalika mama kwa Waitaliano. Eti anataka kumsalimu tu. Mama alikuja kwa heshima, na kitenge chake kipya. Alipoona meza imeandaliwa watu watatu, akaninong'oneza.

"Ongea naye banipatie meza yangu. Kulee, ku kona."

Akapewa meza ndogo pembeni, akakaa akiutazama ukuta. Chakula chake akaomba kifungwe, akaenda kukilia nyumbani. Hakuna aliyeaibika, na mimi nikadhani yameisha vizuri.

Floribert alitabasamu siku ile. Lakini kwenye gari akapiga usukani ngumi.

"Mama yako ananifanya sawa vile mwizi!"

Nikamhurumia, mjinga mimi. Nikadhani ameumia moyo.

Jumapili iliyofuata akaniambia familia zinakutana kwa Wachina, mama yake naye anakuja, tukamilishe mipango ya harusi. Mimi akaniambia saa nane. Mama yangu akamtumia teksi saa saba, akitoka misa.

Na safari hii akachagua chumba cha peke yake, mlango umefungwa, na meza moja kubwa ya duara.

Mnaelewa? Meza ya duara haina kona. Popote utakapokaa, unatazamana na mtu!

Turudi pale mlangoni.

Mezani walikuwa wanne. Floribert. Mama. Bwana mmoja mnene anaitwa Léonard, mwenye maghala, ambaye alikuwa anatafuta mahali pa kuhifadhi mawe ya kobalti ya watu yaliyokwama. Na mzee Kunda, mjumbe wa mfumu, anafyonza mbavu za nguruwe za sukari, vidole vyote vimeingia mdomoni mpaka kwenye maungio.

Mama yake Floribert? Hata kivuli chake hakikuwepo!

"Floribert, iko nini huku? Mama yako iko wapi?"

"Ikala, chérie," akanionyesha kiti. "Tuko mu mambo ya bakubwa."

"Juu ya nini mama yangu iko ku hii meza?"

"Iko anakula. Kwani kula ni zambi?"

Kulikuwa na mhudumu, msichana, jina lake kifuani limeandikwa Glodie. Lazima ni wa kwetu yule, maana alikuwa anamtazama mama kwa huruma. Akachukua ile menyu kubwa ya ngozi, akaisimamisha mbele ya mama kama ukuta mdogo. Hakusema neno.

Floribert akanyoosha mkono, akaiangusha menyu. Paa!

"Toka! Tutakuita."

Binti wa watu akatoka.

Mzee Kunda akafuta mdomo kwa kitambaa cha meza. Si leso, nasema kitambaa cha meza! Akakohoa.

"Maman Chileshe, ni mara ya pili nauliza. Hii shamba ya njia ya Kasenga, unaipatia papa Léonard?"

Nikasogea mezani. Shamba?

Mama kimya. Akakivuta kitenge chini zaidi.

"Munaona?" Floribert akadakia. "Ananyamaza. Kunyamaza ni kukubali."

"Mila ni mara tatu," akasema Kunda. "Nitauliza tena. Akinyamaza, bas, imekwenda."

Nikapiga meza mpaka sosi ikamwagika.

"Hapana! Ile shamba haiuzwe!"

"Weye ni mutoto," Kunda akanijibu, wala hakunitazama, anatafuta ubavu mwingine kwenye sahani. "Shamba haiko yako. Mwenyewe aseme."

"Mama! Sema hapana! Neno moja tu!"

Niliona mdomo wake unacheza chini ya kitenge. Hautoi sauti. Hawezi. Miaka yake hamsini na tisa yote amefundishwa kuwa mwanamke anayemkatalia mkwe usoni amejivua nguo. Na mkwe yuko pale, mita moja, anatafuna! Kama Floribert asingekuwepo, mama angempa Kunda jibu la kumpeleka mbio mpaka kwa mfumu wake. Ulimi wake nyinyi hamuujui.

Na Kunda je? Mtu wa kwetu kabisa, buko anaijua, alijua kimya kile ni cha nini. Lakini kinywa kilichojaa nguruwe wa watu kitasema nini?

Nikamgeukia Floribert. Nilikuwa bado natafuta kamlango ka kumsamehe, niwe mkweli.

"Floribert, unamupatisha mama haya. Huone? Hii ni buko!"

"Chérie, nilishakuambia. Mi sijue ile bintu ya ku mugini." Yaani mambo ya kijijini.

Hapo mzee Kunda akacheka. Akacheka na chakula mdomoni mpaka punje za wali zikaruka juu ya kioo.

"Eh! Asijue? Huyu mutoto wa Kasenga pire, kabisa kabisa! Siku dada yake aliolewa, si yeye njo alisimama ku mulango na fimbo, mukwe asione mama yao akikula? Alifukuza ata mbwa!"

Akacheka peke yake. Halafu akaona hakuna anayecheka, akarudi kwenye mifupa yake.

Mimi nilikuwa namtazama Floribert.

Anajua. Siku zote alijua! Mama yake mwenyewe alimlinda kwa fimbo, asionekane anatafuna. Wangu akamtafutia meza isiyo na kona, akamfungia mlango, akamtafunia usoni ili ulimi umkauke na shamba liondoke.

Kinshasa, eti. Nyoo!

Nimewahi kuona panya aliyeoza kwenye gunia la samaki. Nimewahi kusafisha matapishi ya walevi kwenye ngazi za soko letu. Kinyaa nilichokisikia dakika ile sijawahi kukisikia kwa kitu chochote kinachooza. Hata mkono wangu wa kushoto, ule anaoushika tukivuka barabara, niliufuta kwenye sketi.

"Chérie, sikiya," akaanza, sauti laini ya asali. "Kazi iliisha. Papa Léonard atanipatia nafasi ku ghala yake. Ni juu ya ndoa yetu. Shamba, kesho si ni yetu sisi bote?"

"Tumalizeni," Léonard akasema, anaangalia saa.

Kunda akanyoosha mgongo.

"Basi. Mara ya tatu..."

Ndipo sauti ikatoka chini ya kitenge. Ndogo. Haikuwa ya kumjibu Kunda wala Floribert. Ilikuwa ya mama, ananiita mimi.

"Emmanuella."

"Mama?"

"Nikule ao nisikule?"

Léonard akainua macho kutoka kwenye saa.

Nyinyi wengine mnaweza kuona ni swali la mtu mwenye njaa. Mimi nilivuta kiti, nikakaa.

Mama mkwe hali mbele ya mkwe. Kwa hiyo akila mbele yake, uso wazi, makusudi, mbele ya mashahidi... basi yule si mkwe. Hakuna buko. Na kama hakuna buko, mama ana kinywa chake, anaweza kusema hapana kama anavyowaambia wateja sokoni.

Lakini ndoa imekwisha. Haijaahirishwa, imekwisha! Hakuna familia ya kwetu itakayompokea mwanaume ambaye mama mkwe amemlia usoni. Mahari yake tutarudisha.

Alikuwa anaweza kujiamulia. Shamba ni lake. Lakini mume alikuwa wangu, ndiyo maana akaniuliza.

Floribert alielewa haraka kuliko wote. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Emma, usiseme kintu! Tangazo yetu balishaka kuisoma ku kanisa! Bantu batasema nini?"

Ni kweli, matangazo ya ndoa yalishasomwa. Gauni liko kwa fundi kule Katuba, limebaki kutiwa vifungo. Nina miaka thelathini na nne. Wenzangu niliosoma nao wana watoto wa sekondari, na shangazi zangu walishaanza kuniombea kwa sauti nikiwa nasikia. Na nilimpenda. Msiniambie hakupendeka, mimi ndiye nilikuwa naye.

Nikaangalia lile paja la bata. Mafuta yameshaganda kwenye alama za meno.

"Kula, mama."

Mama akakitoa kitenge usoni.

Akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Akainua macho, akamtazama Floribert moja kwa moja. Mara ya kwanza tangu amfahamu.

Na Floribert, huyo asiyejua buko... akainamisha kichwa!

Mama akazungusha kioo mwenyewe. Lile paja likapita, hakuligusa. Akasimamisha kwa samaki mzima wa tangawizi. Vijiti akavisogeza pembeni, akanawa kwa maji ya glasi, akamega kwa mkono. Akala. Akatafuna polepole, macho yako kwa Floribert. Akameza.

Akamega tena. Akachukua wali. Akachukua na mbavu mbili kutoka mbele ya Kunda, bila kuomba!

Wote wanamtazama. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi siku ile nilikaa karibu na mshindo wenyewe.

Alipomaliza ubavu wa pili akafuta vidole, kidole kimoja kimoja.

"Papa Kunda."

"Maman."

"Uliza sasa."

Mzee yule akasukuma sahani pembeni. Safari hii mdomo wake ulikuwa mtupu.

"Hii shamba ya njia ya Kasenga... unaipatia papa Léonard?"

"Hapana."

"Na huyu Floribert, ni nani yako?"

Mama akamwangalia tena, juu mpaka chini, kama samaki aliyelala siku mbili.

"Simujue. Ni muntu tu tuko tunakula naye."

Wee! Nilitamani kupiga vigelegele, machozi yakanitangulia.

Léonard akasimama, anafunga vifungo vya koti.

"Floribert, uliniambia maman alishaka kukubali. Unanileta huku kunifanya mwizi wa shamba ya mujane?"

Sijui kama alikuwa mtu mwema au alikuwa anakimbia aibu. Aliondoka. Kunda akamfuata nyuma, anajipangusa. Hakuaga.

Floribert akapiga magoti pale kwenye zulia.

"Maman, pardon. Pardon, maman yangu..."

"Ikala, papa," mama akamjibu kwa upole kabisa, kama anavyomjibu mgeni sokoni. "Maliza chakula yako, itapola."

Tukatoka. Glodie alikuwa amesimama kwenye korido, akapiga makofi matatu madogo na kuinama, wanavyosalimu wanawake wa kwetu. Mama akamwitikia vilevile.

Sasa nyie mnadhani mama alitoka pale anatembea kama malkia.

Tulifika kama mita mia mbili barabarani, akanishika bega. Akainama kando ya mtaro, akatapika vyote. Samaki, wali, mbavu, vyote! Alitapika mpaka machozi. Nikamshika kiuno, watu wanapita, wengine wanasema mwanamke mzima amelewa Jumapili yote hii.

Alikuwa amekula mbele ya mwanaume aliyemwita mtoto wake. Alishinda, lakini mwili wake ulikuwa haujui kama ameshinda. Hapo ndipo nilipomchukia Floribert kweli, si mle ndani.

Nikampa maji. Akasukutua, akatema, akakaa kwenye tofali.

"Mama, chakula ya Bachina ilikukatala?"

Akatikisa kichwa.

"Hapana. Chakula ilikuwa muzuri, ata ile samaki minaweza kurudilia. Ni muntu njo alikuwa mubaya."

Dada zangu, na kaka zangu pia, nimeandika haya kwa sababu moja. Mtu akikupeleka kwenye migahawa mizuri, angalia anavyomtendea yule asiyeweza kumjibu. Mhudumu hawezi kumjibu mteja. Mama mkwe hawezi kumjibu mkwe. Anayetumia heshima ya mwenzake kumfunga mdomo ni mwizi kuliko anayevunja mlango usiku, na siku moja na wewe utakaa kwenye meza hiyo.

Jana Floribert amenitumia ujumbe kwa namba mpya. "Chérie, unavunja ndoa juu ya chakula tu?"

Chakula tu, eti! Nimesoma nikasikia kinyaa kilekile, nikafuta, nikaenda kumsaidia mama kupukuchua mahindi.